Kwa nini aliyelala na pombe huamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio?

Umelala saa nne na nusu, kiatu kimoja kimetoka, kingine bado kipo mguuni. Usingizi ulikuchukua hata hujavuta shuka. Saa tisa usiku macho yanafumbuka yenyewe. Kinywa kimekauka, kibofu kimejaa, moyo unadunda kana kwamba kuna mtu anabisha hodi. Feni inazunguka, jogoo bado hajawika, na wewe unaanza kukumbuka ada ya mtoto, maneno uliyomwambia shemeji mezani, ile meseji uliyoituma. Jioni mambo hayohayo ulikuwa unayacheka.

Wengi husema ni mawazo tu. Tupige hesabu kwanza.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Ini la mtu mzima, kwa wastani, huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi na kahawa, wala kuoga maji ya baridi, wala supu ya pweza. Chupa moja, basi, ni kazi ya saa mbili hadi tatu. Aliyeanza saa moja jioni akanywa tatu, ini lake litamaliza kati ya saa saba na saa tisa na nusu usiku. Umeamka pombe inapoisha.

Ajabu ni kwamba taabu huanza hapo inapoisha. Ubongo una kemikali nyingi, lakini mbili zinatuhusu hapa: GABA, ambayo hutuliza, na glutamati, ambayo huchangamsha. Pombe huipa nguvu GABA na kuizima glutamati, ndiyo maana bia ya pili hulegeza mabega na ulimi. (Ule uchangamfu wa mezani si nguvu mpya. Kinacholala mapema ni sehemu ya ubongo inayotuwekea breki, aibu ikiwemo.) Ubongo nao haukubali kukandamizwa kimyakimya. Unapunguza usikivu wake kwa GABA na kuipandisha glutamati ili mambo yasilale kabisa. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu upande wake: mmoja akiachia ghafla, mwenzake anaanguka nao. Pombe ndiyo iliyoachia. Kwa saa kadhaa ubongo unabaki umeamshwa kupita kiasi katikati ya giza: mapigo juu, jasho, vidole vinavyotetemeka kidogo, wasiwasi usio na jina. Na mtu mwenye wasiwasi usio na jina hakosi jina la kuupa. Ada ya mtoto ipo palepale.

Usingizi wenyewe ulikuwa wa kukopa. Pombe hukuangusha haraka na kukuzamisha sana mwanzoni, lakini hubana ule usingizi wa ndoto, ambao husaidia ubongo kutulia baada ya mambo ya siku. Nusu ya pili ya usiku inakatikakatika. Misuli ya koo imelegea, kwa hiyo unakoroma na kuvuta hewa kwa shida. Wa pembeni yako anajua kuliko wewe. Tena pombe huzuia homoni inayoziamuru figo zibakize maji, na ndiyo sababu ya zile safari za chooni. Ukihesabu ulilala kwa muda wa saa nane, lakini asubuhi unaamka kama uliyekesha msibani.

Kuhusu nguvu kuna jambo linalowachanganya watu. Gramu moja ya alkoholi ina kalori 7, wakati ya wanga ina 4. Basi mbona mnywaji hachangamki kesho yake? Kwa sababu mwili hauna ghala la kuhifadhi alkoholi. Ini huiona kama sumu, linaacha kazi nyingine na kuishughulikia kwanza, na mojawapo ya kazi zinazozoroteshwa ni kutengeneza sukari ya damu. Kama uliruka chakula, ukanywa tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kushuka: kizunguzungu, jasho jembamba, magoti maji. Kwa mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini hilo ni la hatari kwelikweli, maana walio karibu watadhani amelewa tu na kumwacha alale.

Ndipo huja kuzimua. Bia moja saa nne asubuhi, na kweli mikono inatulia. Inatulia kwa sababu umemrudisha yule aliyeuachia mlango. Mimi naona hapa ndipo watu hudanganyika zaidi: anakunywa kuondoa stresi, na sehemu kubwa ya stresi yenyewe imeletwa na pombe ya jana. Kwa mnywaji wa kila siku aliyezama kwenye huzuni, akiacha kabisa, huzuni hiyo aghalabu hupungua sana ndani ya wiki tatu au nne. Kwa hiyo madaktari wengi hungoja kipindi hicho kipite ndipo waseme kama ana ugonjwa wa sonona unaojitegemea. Mwenye mawazo ya kujiua hangojewi, huyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Ila kuacha nako kuna namna yake. Wa bia tatu za Jumamosi anaweza kuacha leo na asipate zaidi ya usiku mmoja mbaya. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baina ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaanza kuona wadudu ukutani wasiokuwepo. Hali hiyo huua. Hospitalini hupewa dawa za kuutuliza ubongo polepole, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu huishiwa nayo. Kama mikono hutetemeka kila asubuhi mpaka glasi ya kwanza ipite, anzia huko, na daktari akiuliza ni chupa ngapi kwa siku, usipunguze hata moja, kwa kuwa jibu hilo humsaidia kukupangia dawa.