Paka mwenye njaa hakamati panya, anahama

Mahindi na alizeti vikishaingia stoo, Dodoma nzima inatafuta paka. Hapo ndipo huanza kuisikia kauli ileile kliniki, iwe kwa mkulima wa Kongwa au mtumishi wa Area D: "Daktari, simshibishi huyu, akishiba hatakamata panya."

Nimechoka kuijibu. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, maana kinachomwamsha ni kitu kinachochakarika mbele yake, na ustadi wa kuua huanza kuupata kwa mama yake. Mtoto wa paka wa miezi miwili hana akiba mwilini. Akilala njaa, sukari inashuka kwenye damu, anatetemeka, analegea, na asubuhi mnasema kapigwa na baridi. Akipona anahamia kwa jirani anayekaanga samaki, halafu nalaumiwa mimi kwamba paka wa siku hizi hawakai. Mlishe mara nne kwa siku, kidogo kidogo: dagaa waliochemshwa bila chumvi, yai la kuchemsha, vipande vya nyama. Ugali na mchuzi vinamjaza tu. Paka ni mla nyama.

Kuna na wanaoniletea mtoto mbavu zinahesabika, tumbo limetuna kama ngoma, wananionyesha lile tumbo: "Ona, mbona anashiba?" Hiyo ni minyoo, na mara nyingi ameinyonya kwenye maziwa ya mama yake. Mlete apimwe uzito apewe dawa yake, si nusu ya kidonge cha mtu.

Kumfungia stoo usiku wa kwanza "azoee kazi" ni hatari, hasa kama kuna sumu ya panya au vidonge vya kufukizia nafaka. Mwanzishie chumba kimoja cha ndani: boksi lenye kanga kuukuu, beseni la mchanga mbali na sahani yake. Akijichimbia chini ya kitanda siku mbili tatu, mwache. Usimvute mguu!

Kumzungusha kwenye kiroba asahau njia ya kwao? Anachojifunza ni kukuogopa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa ajili ya viroboto hata tone. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri, anaweza kupata degedege na kufa. Tumia kitana.

Na kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Akifikisha miezi mitatu, mlete achanjwe.