Msimamo wa rais kuhusu uavyaji mimba: mpiga kura aupime vipi?

Katika mabaraza ya elimu ya uraia, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, swali hili haliishi: "Huyu anayetaka urais, anaunga mkono utoaji mimba au anaupinga?" Mara nyingi anayeuliza anataka jibu la neno moja, kisha aamue kura yake. Ni swali halali. Linagusa imani, uhai na mwili wa mwanamke, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mtu aache dhamiri yake nje ya kituo cha kupigia kura. Ninachoona mimi ni kwamba tunambebesha rais mamlaka asiyokuwa nayo, halafu hatumuulizi lolote kuhusu yale aliyo nayo.

Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kinasema pia kwamba uavyaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Hayo ndiyo tuliyopigia kura tarehe 4 Agosti 2010. Makanisa mengi yalipinga. Nyanza ilisema Ndiyo kwa wingi mkubwa, Bonde la Ufa likasema La, na Katiba ikapita kwa takriban asilimia 67 ya kura. William Ruto, aliyeongoza upande wa La, aliapa mwaka 2022 kuilinda Katiba hiyohiyo. Rais hawezi kukifuta kifungu hicho kwa kalamu yake. Kugusa sura ya haki, ambamo kifungu hicho kimo, ni mpaka wananchi waitwe kwenye kura ya maamuzi, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi. Kwa hiyo mgombea akisimama Kondele, mjini Kisumu, na kuahidi kwamba akiingia Ikulu tu ataruhusu kila mimba itolewe, au atapiga marufuku bila kubakiza hata moja, anaahidi kisicho chake.

Wengi wetu tumelichukua swali hili kutoka habari za Marekani, na kule lina uzito wa namna nyingine. Rais wa Marekani huchagua mwenyewe anayetaka awe jaji wa Mahakama ya Juu, Seneti ikathibitisha, na jaji huyo hukaa maisha yake yote. Donald Trump aliweka majaji watatu katika muhula wake wa kwanza, na tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo ikatupilia mbali uamuzi wa mwaka 1973 uliokuwa ukilinda haki ya kutoa mimba. Hapa kwetu majina ya majaji hutoka kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Hata hivyo, rais anaweza kukawia: orodha ya mwaka 2019 ilikaa kwa Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, hadi 2021, akateua 34 na kuwaacha sita, ambao Ruto aliwateua Septemba 2022.

Mlango ambao mpiga kura anapaswa kuutazama zaidi ni Wizara ya Afya. Mwaka 2012 wizara ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu namna ya kupunguza vifo na maradhi yanayotokana na utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 ikauondoa. Februari 2014 ikakataza mafunzo ya wahudumu kuhusu jambo hilo. Hakukuwa na mswada wala kura bungeni. Barua za ofisini zilitosha. Muuguzi wa zahanati akabaki kati ya Katiba inayosema kuna hali anazoruhusiwa kuhudumia, na Kanuni ya Adhabu inayotishia kifungo cha hadi miaka 14. Na hili si jambo la mbali na sisi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria uavyaji mimba wa takriban 465,000 kwa mwaka huo mmoja, na Bonde la Ufa pamoja na Nyanza na Magharibi zilikuwa na viwango vya juu zaidi nchini. Takriban wanawake 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake.

Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuuondoa mwongozo ule kulikiuka sheria. Mmoja wa waliohusika katika kesi hiyo alikuwa msichana aliyebakwa mwaka 2014 akiwa na miaka 14. Alifariki mwaka 2018, kabla ya hukumu. Ukiwa unapinga uavyaji mimba kwa moyo wako wote au unautetea, kuuondoa mwongozo ndio uamuzi wa serikali ulioonekana wodini. Waziri wa afya huteuliwa na rais, na Bunge la Taifa humwidhinisha. Basi mgombea urais aulizwe atamweka nani pale, na mwongozo utaandikwaje.

Bunge nalo lisisahauliwe. Kanuni ya Adhabu hurekebishwa na wabunge, haihitaji kura ya maamuzi. Mswada wa afya ya uzazi wa mwaka 2019 uliletwa na Susan Kihika, wakati huo seneta wa Nakuru. Viongozi wa dini waliupinga vikali na haukuwa sheria. Ni wangapi Nakuru waliomuuliza mbunge wao angepiga kura gani?

Yupo pia rais tusiyempigia kura ambaye amri yake hutufikia. Tangu 1984, kila chama kinapopokezana Ikulu ya Marekani, mashirika yasiyo ya Kimarekani yanayotoa au kutetea huduma za uavyaji mimba hunyimwa fedha za Marekani au kurudishiwa. Trump aliirejesha amri hiyo Januari 2025. Kliniki inayotegemea fedha hizo hukosa pia za kupanga uzazi, kwa hiyo ni haki kumuuliza mgombea wetu bajeti ya Kenya itaziba pengo hilo vipi.

Hospitali za kaunti na zahanati ziko chini ya gavana. Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na mama anayevuja damu usiku Nyando au Molo ni dharura, iwe mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa. Wagombea ugavana watakapopita kuomba kura mwaka 2027, waulizwe kama kituo cha wadi yako kina muuguzi wa zamu ya usiku, kama hospitali ya rufaa ina damu, na kama gari la wagonjwa lina mafuta.