Oili mpya haiui gia boksi ya auto jamani

Hapa Moshi mafundi wengi watakwambia usiguse oili ya gia boksi ya auto, ukibadili tu gari inakufa. Wanachokiona kipo ila sababu siyo hiyo. Watu wanakumbuka oili gia zikishaanza kuteleza, yaani klachi za ndani zimeshalika, na oili mpya hairudishi klachi, sasa boksi ikifa wiki inayofuata lawama zote kwa oili. Kingine ni kumwaga ATF ya kawaida (oili ya gia boksi za auto za kawaida) kwenye CVT, yaani auto inayotumia mkanda na puli badala ya gia, hapo mkanda wa chuma unateleza kwenye puli na boksi inaharibika kweli (hilo ni kosa la fundi bwana). Kinachochosha oili ni joto, na ukipandisha Marangu na mzigo kila siku inachoka mapema. Ikishanuka kuungua, boksi ipimwe kwanza kabla ya kubadili oili.