Weka Tupa Chini: Dhana Potofu Kuhusu Mauser za Uswidi

Nimechoka kupokea bunduki za m/96, zile Mauser ndefu za jeshi la Uswidi za muundo wa 1896, zilizonyolewa kilengeo cha mbele. Hadithi haibadiliki. Mtu kanunua Mauser yake ya jeshi la Uswidi, kaibeba hadi uwanja wa shabaha, kabandika karatasi mita 100, kalenga katikati, na matundu yote yametua shibiri nzima juu ya alama. Yametua pamoja, nasema. Kiganja kimoja kinayafunika. Bunduki inayoweka risasi zake zote mahali pamoja haina ugonjwa. Ila wenzake uwanjani wameshampa hukumu: mtutu umepinda, au kilengeo kimezidi urefu, kakipunguze.

Naye anakipunguza.

Dhana: "Inapiga juu, basi ina kasoro."

Kilengeo cha nyuma cha m/96 kinaanzia mita 300. Hakuna alama ya chini ya hapo. Hata ukikilaza chini kabisa, bado kimeinua mtutu kiasi cha kufidia kushuka kwa risasi hadi mita 300, kwa hiyo katika mita 100 risasi ingali juu ya mstari wa jicho. Ndivyo ilivyokusudiwa. Karatasi yako ya mita 100 haikuwamo kwenye mahesabu ya mtu yeyote pale kiwandani Eskilstuna, Uswidi.

Kuna na la pili. Vilengeo vya mwanzo vilipimwa kwa risasi ya m/94, ile yenye kichwa cha mviringo na uzito wa gramu 10.1, inayotoka kwa kasi ya takriban mita 725 kwa sekunde. Baadaye ikaja m/41, ambayo Waswidi waliiita torpedo: imechongoka mbele, imesinyaa nyuma, ina takriban gramu 9, ina kasi zaidi na njia iliyonyooka zaidi. Ukiipiga kwa kilengeo cha zamani, inapita juu ya pale ilipokuwa ikitua ile ya kwanza. Jeshi lililijua hilo. Tazama sahani ya shaba upande wa kulia wa kitako. Imegawanywa sehemu tatu, na mojawapo imeandikwa Torped na Överslag: hapo fundi wa jeshi alionyesha bunduki hiyo, hiyo uliyoishika, inazidi kwa kiasi gani ikipewa risasi mpya. Kipimo chake ni streck, kipimo cha pembe. Waswidi waligawa duara sehemu 6,300, kwa hiyo streck moja ni karibu sentimita 10 katika mita 100. Bunduki ilishajieleza yenyewe, hujaisoma tu. Baadhi ya vilengeo vya nyuma vilirekebishwa baadaye vifuate risasi mpya, kwa hiyo angalia chako kabla ya kumwamini muuzaji, na hata kabla ya kuniamini mimi.

Sasa tuje kwenye tupa. Ukikata kilengeo cha mbele, unalazimika kuinua mdomo wa mtutu ili ncha yake ionekane tena kwenye mfuo wa nyuma. Mdomo ukipanda, risasi inapanda. Aliyekata nusu milimita anarudi uwanjani, anakuta mambo yamezidi, anakata tena. Niliwahi kuletewa moja ambayo kilengeo kilikuwa kimelika hadi kwenye shina, na mwenyewe bado alikuwa anauliza kama amekata vya kutosha.

Unachohitaji ni kilengeo kirefu zaidi. Hesabu yake ni ya darasa la saba: zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Tuseme bunduki inazidi sentimita 20 katika mita 100, na kati ya vilengeo kuna sentimita 60. Unahitaji milimita 1.2 za ziada. Mimi huweka kirefu kupita kiasi makusudi, na hapo ndipo tupa inapopata kazi halali: piga risasi tano, punguza kidogo, piga tena. Kile cha zamani kinatoka kwa kusukumwa pembeni. Kitie kwenye bahasha ukiandike namba ya bunduki, maana mkusanyaji atakayeinunua kesho atakiulizia.

Dhana: "Sahani inaonyesha 1, mtutu ni kama mpya."

Sehemu nyingine ya ile sahani ya shaba hutaja hali ya mtutu, 1 ikiwa bora. Ulikuwa hivyo siku fundi wa jeshi alipoukagua, na huenda wewe hujazaliwa. Hata 3, iliyo mbaya kuliko zote, ilikuwa bado inaruhusiwa kazini. Isitoshe, sahani imefungwa kwa skrubu, na kilichofungwa kwa skrubu huhamishika. Mulika tochi ndani ya mtutu.

Dhana: "Chuma cha Uswidi kinabeba baruti yoyote."

Chuma ni kizuri, sibishani. Hata zile zilizotengenezwa kwa Mauser huko Oberndorf zilitumia chuma kutoka Uswidi. Lakini umbo la bolti, komeo linalofunga nyuma ya mtutu, ni la kabla ya Mauser ya 1898. Ina meno mawili ya kufungia mbele, haina lile la tatu la usalama nyuma, wala haina ukingo mpana wa kukinga gesi. Ganda likipasuka, gesi hurudi nyuma kuelekea usoni kwako. Risasi za kawaida za dukani za 6.5x55 (upana wa risasi na urefu wa ganda, kwa milimita) ni sawa, mradi nafasi kati ya bolti na ganda imepimwa kwa geji. Wanaojaza risasi wenyewe halafu wakajisifia kasi waliyoipata, wajisifie mbali na meza yangu. Miwani ya kinga ni lazima.

Dhana: "Hesi za mdomoni ni za kizuia sauti."

M/38 nyingi, zile Mauser fupi za baadaye, zimechongwa hesi kwenye mdomo wa mtutu. Zilikuwa za kifaa cha mazoezi: risasi za mazoezi zilikuwa na kichwa cha mbao, na kifaa hicho kilikisaga kisije kumdhuru aliye mbele. Na hapana, risasi za mbao hazikuwa za kuua mateka.

Dhana: "Mauser ya Uswidi ni 6.5 tu."

Muulize aliyebahatika kupata m/40, Kar98k za Ujerumani zilizochongwa upya chemba, pale risasi inapokaa, ili zitumie 8x63 ya bunduki ya rashasha. Soma kilichoandikwa, usikisie.

Dhana: "Namba zikilingana, inalenga vizuri zaidi."

Namba za sehemu za bunduki zikilingana, zinapandisha bei. Kwenye shabaha, namba ya bolti tu ndiyo inayonishughulisha, tena kwa ajili ya usalama.

Dhana: "Imepita miaka mia, haihitaji leseni."

Nchini Uswidi, msamaha ni kwa silaha zilizotengenezwa kabla ya 1890 na zisizotumia risasi ambayo kichwa, baruti na fataki vimo pamoja kwenye ganda moja. Hakuna Mauser ya 6.5 inayopita hapo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu ya 1898 kurudi nyuma kuwa ya kale, kwa hiyo karabini (bunduki fupi) za m/94 za mwanzo zinaingia. Majimbo yana yao. Polisi kwanza, pesa baadaye.

Dhana: "Ukimaliza kupiga, paka mafuta."

Fataki za zamani, vile viwashio vidogo kwenye kitako cha ganda, zina klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Yanaifunika tu iendelee kula chuma. Wanaonisifia dawa ya vioo yenye amonia wanasifia maji yaliyomo ndani yake. Mimina maji ya moto mtutuni kuanzia kwenye chemba, safisha na uso wa bolti, kausha, ndipo upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia.