Kupandisha dau la matangazo kwa makundi ya wateja: yanayoaminiwa Dar na ukweli wake

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wanaojitangazia wenyewe kupitia Google wanajua pa kubonyeza ili kupandisha dau, yaani kiasi cha juu wanachokubali kulipa kwa kliki moja, kwa kundi fulani la wateja. Namna mfumo unavyozisoma asilimia wanazoongeza ndiyo hawaijui, na hela inavujia hapo. Inaniuma, maana bajeti hizi ni za watu wa fremu moja, wanaotoa tangazo kwenye faida ya wiki.

Dhana inayogharimu zaidi ni hii: ukiongeza asilimia 20 kwa walioko Dar, 30 kwa watumiaji wa simu na 50 kwa waliowahi kuingia kwenye tovuti yako, jumla umeongeza 100. Sivyo. Asilimia za aina tofauti zinazidishwa. Chukua muuza sofa wa Keko mwenye dau la shilingi 500 kwa kliki. Mteja yuko Dar: 600. Anatumia simu: 780. Aliwahi kutembelea tovuti: 1,170. Mwenye duka alidhani kikomo chake ni 1,000. Na kama kampeni yake inalenga Dar peke yake, ile 20 haimbagui mtu yeyote. Kampandishia kila mmoja dau bila kujua.

Mteja akiwa kwenye orodha mbili za walengwa (mfano ile ya waliowahi kutembelea tovuti) kwa pamoja, hapo hazizidishwi. Inatumika ile kubwa.

Wengine wanaamini kwamba dau ndiyo bei. Dau ni kikomo. Mara nyingi unatozwa chini yake, kiasi cha kumpita anayekufuata kwenye mnada ambao Google huufanya kila mtu anapotafuta kitu, kuamua matangazo yapi yaonekane. Ubora wa tangazo nao unahesabiwa, kwa hiyo mwenye dau kubwa anaweza kushindwa na mwenye dogo.

Halafu kuna imani kwamba kundi ulilolipandishia dau ndilo pekee litakaloona tangazo. Inategemea ulichochagua. Ukiliweka kundi kwa kulenga, wengine wote wanafungiwa nje. Ukiliweka kwa uangalizi, tangazo linaendelea kwa wote, nawe unasoma takwimu za kundi hilo pembeni. Kwa duka dogo ningeanza na uangalizi kila mara. Tuseme kati ya kliki 100 za waliowahi kutembelea, 4 walinunua, na kati ya kliki 100 za wengine wakanunua 2, kwa mauzo ya thamani ileile. Kliki ya kundi la kwanza ina thamani mara mbili, basi hata kuongeza asilimia 100 kunaeleweka. Ila kliki 100 bado ni chache. Subiri zaidi kabla ya kuamua.

Sasa hao walionunua utawajuaje? Biashara zetu zinamalizikia WhatsApp na malipo ya simu, na Google haioni hayo usipoiambia. Muulize kila mteja katuonea wapi, andika, kisha linganisha.

Bila hayo utaangukia dhana ya mjini kwamba wenye hela ni wa Masaki, wa Mbagala punguza. Mfumo unaangalia zaidi simu ilipo, na mchana maelfu ya simu zilizoko Posta na Masaki ni za watu wanaoishi kwingine. Anayetafuta sofa akiwa ofisini Posta huenda jioni anapanda mwendokasi kurudi Kimara, na sofa litapelekwa Kimara.

La mwisho linawahusu waliokabidhi madau kwa mfumo wa kujiendesha, ule unaofukuzia idadi ya mauzo au gharama kwa kila mteja. Wengi wao bado wanahangaika na asilimia za makundi kila Jumatatu. Mfumo huo hauzitumii kabisa; unajipangia dau kila mnada. Karibu kinachobaki mkononi mwako ni kuzima kifaa, mfano kompyuta, kwa kuweka hasi 100. Kwa hiyo fungua kwanza mipangilio ya kampeni uone umechagua mfumo gani, ndipo uguse asilimia.