Mgeni wa mbizi asichekwe

Nafundisha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, na makao yangu ni Dodoma. Nadharia tunaisomea hapa, mazoezi ya mwanzo kwenye bwawa la kuogelea, kisha tunashuka pwani. Kila kundi hupokewa vilevile: "Mgogo na bahari wapi na wapi?" Utani huo hauna neno, na wanafunzi wangu hawakosi jibu. Tatizo ni dharau inayomfuata mtu mpaka chini ya maji.

Chukua suala la hewa. Mgeni humaliza mtungi kabla ya mkongwe, wala si uzembe. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Kwa hiyo kwenye mita 10 pumzi moja hula hewa mara mbili, kwenye mita 20 mara tatu. Weka na hofu, weka na miguu inayopiga maji ovyo, sindano ya geji inayopima hewa ya mtungi inashuka unaiona. Sasa mtu huyo asubuhi botini amesikia wakongwe wakinung'unika, "Leo tumepewa walaji hewa, tutatolewa mapema." Unadhani atasema hewa ikipungua? Mtungi huanza na mgandamizo wa bar 200 hivi. Tulikubaliana kila mmoja aonyeshe ishara akifika 100. Niliwahi kugeuza geji ya mwanafunzi mmoja nikakuta 40, na muda wote huo alikuwa akinionyesha kwamba yuko sawa. Ni mhasibu, namba anazijua vizuri sana. Aliona aibu kuwakatizia wenzake.

Swali jingine linalochekwa ni la kwetu hasa: "Mwalimu, tukitoka majini mchana, jioni tunaweza kupanda treni kurudi Dodoma?" Wakongwe wa pwani huangua kicheko, kwani treni ni ndege? Lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na treni ya SGR inakupandisha huko kwa muda wa saa nne hivi. Nitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini hutoka taratibu; ukiwahi kupanda kwenye mgandamizo mdogo, inaweza kufanya mapovu kwenye viungo au hata kwenye uti wa mgongo. Muda wa kusubiri unaopendekezwa kabla ya kuruka kwa ndege, angalau saa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi kadhaa, unahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi. Kwa hiyo tunalala pwani. Waliocheka ndio waliopaswa kuuliza.

Mengine ni madogo, ila yanafukuza watu. Nywele zikiingia chini ya mpira wa miwani, maji yanapenya. Unamwelekeza mtu pembeni, yamekwisha. Dada mmoja mwenye misuko aliambiwa mbele ya boti nzima kwamba nywele zake "hazifai huku". Hakurudi tena. (Wa hijabu wala wasipate tabu, kofia za mbizi zipo.)

Kwenye safari zangu, yeyote anaweza kusitisha mbizi wakati wowote, hata akiwa ameshavaa mtungi, na haulizwi sababu. Wakongwe ndio wanaotangulia kuonyesha geji zao. Mwenye kamera simpangii mgeni awe mwenzake majini, maana akimwona kasa amemsahau mwenzake. Mkongwe asiyetaka masharti hayo namrudishia pesa yake kabla boti haijang'oa nanga.