Dola ikirudi shilingi 160: dhana potofu kuhusu senario za uchumi

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, simu za ofisini kwetu Upper Hill huanza kulia. "Hebu endesha ile modeli yako utuambie mfumuko wa bei utafika wapi." Modeli ni milinganyo ya uchumi iliyounganishwa, inayoendeshwa kwenye programu za utabiri kama EViews. Anayepiga huwa na imani zake kuhusu programu hizo, na nyingi si sahihi.

Dhana: Senario ni utabiri wa pili.
Utabiri hujibu "nini kitatokea?" Senario hujibu "hiki kikibadilika na vingine vikabaki vilivyo, tofauti ni kiasi gani?" Cha kusoma ni pengo kati ya mistari miwili, ule wa msingi na ule wa senario. Mkubwa akinukuu mstari wa senario peke yake mkutanoni, hajasema kitu.

Dhana: Badilisha kigezo kimoja, vingine vitajipanga vyenyewe.
Hapa ndipo wengi tunaumia. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160; baadaye mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi alitaka kujua ikirudi 160 itakuwaje. Akajaza 160 kwa robo nne za mwaka, akaendesha, mfumuko wa bei ukasogea nukta kidogo tu. Akanijia anatabasamu: "Kumbe shilingi ikianguka si neno, bosi."

Tukafungua milinganyo. Bei ya petroli ilikuwa imeingizwa kama kigezo cha nje, yaani namba tunayoijaza wenyewe bila modeli kuikokotoa, kwa shilingi, imekaa kivyake. Modeli haikuwa na njia ya kujua kwamba mafuta hununuliwa kwa dola, basi dola ikapaa na petroli ikabaki palepale. Dereva yeyote wa matatu angetucheka. Ikabidi tuandike mlinganyo wa bei ya pampu: bei ya mafuta duniani kwa dola, mara kiwango cha kubadilisha fedha, kisha ushuru. VAT ya mafuta tuliipa kigezo chake, kwani ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Tulipoendesha tena, tabasamu likaisha.

Dhana: Senario itaharibu data halisi.
Haiharibu. Kwa kawaida EViews huhifadhi matokeo ya msingi kwa jina la kigezo likifuatwa na _0, na ya senario ya kwanza _1. Data ya awali haiguswi. Mimi huogopa zaidi kurudi baada ya miezi miwili nisikumbuke _3 ilikuwa ya nini.

Dhana: Kurekebisha matokeo kwa mkono ni kudanganya.
Modeli haioni mawingu. Mvua za masika zikikosa, unajua unga utapanda kabla mlinganyo haujajua, kwa hiyo unaongeza marekebisho. Udanganyifu ni kuyaficha.

Dhana: Milinganyo iliyofaa jana itafaa sera yoyote.
Mwanauchumi Robert Lucas alilionya hili mwaka 1976: sera ikibadilika, watu nao hubadilisha mienendo, na uhusiano uliopimwa jana unavunjika. Sisi tulilipitia wenyewe. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 sheria iliwekea riba za benki kikomo. Mikopo nafuu ilitarajiwa kumfikia mwenye duka. Benki nyingi zikaona heri kuikopesha serikali. Kwa hiyo data yako ikipita miaka hiyo, weka kigezo cha 0 na 1 (1 wakati wa kikomo, 0 wakati mwingine wote) kabla ya kuendesha senario yoyote ya riba. Kabla sisi hatujakiweka, modeli yetu ilikuwa ikisema, bila aibu, kwamba riba ikishuka watu hupunguza kukopa.